MREJESHO: Ile nikeli yangu juu ya silikoni

Wakubwa, shikamooni. Mtakumbuka niliuliza kwa nini utando wa nikeli wa nanomita 30 juu ya kipande cha silikoni, nikiuchoma nyuzi 800, unapitisha umeme vibaya kuliko nilivyotarajia, tena una mabaka.

Makosa yalikuwa mawili. La kwanza ni moto. Nikeli huanza kuila silikoni mapema, kwenye nyuzi 200 hadi 300, ikitoa Ni₂Si, yaani muungano wa nikeli na silikoni (Ni ni nikeli, Si ni silikoni). Ukiongeza joto, inageuka NiSi, na hiyo ndiyo tunayoitaka: ukinzani wake kwa umeme ni mdogo sana. Ukivuka 750 hivi, inakuwa NiSi₂, ambayo ukinzani wake ni kama mara mbili au zaidi. Mimi nilikuwa naunguza chakula nikilaumu sufuria!

La pili lilinitia aibu. Silikoni niliisafisha Ijumaa, nikapaka nikeli Jumatatu. Kwa unyevu huu wetu wa Mombasa, oksaidi, yaani tabaka la silikoni iliyoungana na oksijeni, ilishajirudia juu yake. Nyembamba, nanomita moja au mbili tu, lakini nikeli haiipenyi vizuri. Titani ingeweza kuivunja, nikeli haiwezi. Ndiyo asili ya mabaka.

Safari hii msimamizi wa maabara aliiosha silikoni kwa asidi ya haidrofloriki kuondoa oksaidi hiyo (mimi sikuruhusiwa kuigusa, na sikulalamika), tukapaka papo hapo, tukachoma nyuzi 500 ndani ya naitrojeni. Mabaka hakuna. Kipimo cha sindano nne, kinachopima ukinzani wa utando, kimeonyesha ukinzani umeshuka sana.

Aliyeniambia "punguza moto kwanza", nakudai mahamri na mbaazi. Yaani, wewe unanidai.