Naomba ushauri: Kuna bibi anakuja na picha ya mwanajeshi kwenye mkusanyiko wetu wa kupinga vita

Mkazi wa Kaloleni
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa jambo ambalo limeninyima usingizi, na hii ni wiki ya tatu.

Sisi ni watu tisa wa hapa Arusha. Kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa kumi na mbili kasorobo, tunasimama kimya kwenye kona moja ya Kaloleni tukiwa na mishumaa na mabango ya kadibodi ya kupinga vita. Tulianza mwaka 2023, wiki chache baada ya mapigano kuzuka Khartoum tarehe 15 Aprili, kwa sababu mwenzetu mmoja ana dada aliyeolewa huko. Goma ilipotekwa Januari 2025 tukaongeza bango la Kongo. Hatuna chama, hatuna dini moja, wala hatuhubiri.

Miongoni mwetu yumo mjane mmoja tunayemwita Koko, kama wengi wanavyowaita bibi zao huku kwetu. Mume wake alikwenda Vita vya Kagera akafia huko. Kwa miezi miwili sasa Koko anakuja na picha yake ndani ya fremu ya kioo: kijana mwenye sare ya jeshi, bunduki begani, anacheka. Anaishika kifuani, pale ambapo sisi wengine tumeshika mabango. Tumeshauriwa kwamba picha ya askari mwenye silaha haiendani na ujumbe wa amani, na mimi ndiye niliyetwishwa kazi ya kumwambia. Nitumie maneno gani ili asione kwamba amefukuzwa?

Kijana wa Mianzini
Mkuu, mishumaa saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado linawaka? Hapo mnaombea amani au mnaitafuta kwa tochi?

Mwalimu Mstaafu
Mleta uzi, nakuomba uheshimu historia kabla hujatafuta maneno. Mwaka 1978 nilikuwa darasa la sita. Majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalihutubia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo, na uwezo wa kumpiga tunao. Nyumbani kwetu tulitoa ng'ombe mmoja kwa ajili ya askari, naye baba, ambaye hakuwa mtu wa kutoa hata kuku, alimsindikiza yule ng'ombe hadi barabarani na kurudi bila kusema neno. Vita vile vilikuwa vya haki. Mtu aliyevifia hawezi kuwa aibu ya mkusanyiko wa amani, kwa kuwa amani mnayoipigia magoti hapo Kaloleni ni yeye aliyeilipia.

Wakili Mdogo
Naomba tutazame sheria kwanza. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinamtaka mtu anayeandaa mkusanyiko mahali pa wazi atoe taarifa ya maandishi kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo hilo saa 48 kabla, akitaja mahali, muda na madhumuni. Inayotakiwa ni taarifa, si ombi la kibali, ingawa wengi wanachanganya mambo haya mawili, wakiwemo baadhi ya wanaozipokea. Je, mliitoa?

Mkazi wa Kaloleni
Tuliitoa, na nakala yenye muhuri ninayo. Tuliandika kwamba tutasimama kimya, bila kipaza sauti na bila kuziba njia. Kuhusu mishumaa, hatuiwashi kwa ajili ya mwanga. Tunakata chupa za maji nusu, tunatia mchanga chini na kuuchomeka mshumaa humo ili upepo wa magari usiuzime. Hata hivyo unazimika, na kumwashia mwenzako ndiyo nafasi pekee ya kunong'ona neno.

Dada wa Ngarenaro
Kaka yangu, nimeisoma habari yako mara mbili na kuna neno moja lililonikwama. Umeandika "tumeshauriwa". Kisha ukaandika kwamba "umetwishwa kazi". Ni nani aliyewashauri, na ni nani aliyekutwisha? Katika watu tisa, wangapi wamelalamikia picha hiyo?

Dereva wa Zamani
Wakati tunasubiri jibu, niseme kidogo. Niliendesha magari ya Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa ya kesi za mauaji ya kimbari, hapa mjini kwa miaka mingi, hadi ilipofunga kazi mwishoni mwa 2015. Niliwapeleka mashahidi na kuwarudisha, na nilijifunza kumtambua mtu ambaye siku hiyo ameulizwa jambo zito kwa jinsi anavyoufunga mlango wa gari. Mji wetu umeziona karatasi nyingi za amani. Ule mkataba wa Rwanda ulisainiwa hapa tarehe 4 Agosti 1993, na Aprili iliyofuata watu wakachinjwa. Ule wa Burundi ulisainiwa hapa hapa Agosti 2000, Mzee Mandela akiwa msuluhishi baada ya Mwalimu kufariki, na bado risasi hazikunyamaza siku hiyo. Kwa hiyo watu tisa na mishumaa sitawacheka. Nilichokiona ni kwamba waliofiwa ndio waliokuwa wakiwekwa kwenye viti vya nyuma.

Mkazi wa Kaloleni
Dada wa Ngarenaro, swali lako ni la haki. Aliyelalamika ni mtu wa nje ya kikundi.

Dada wa Ngarenaro
Mtu gani wa nje?

Mkazi wa Kaloleni
Nilidhani jambo hili halihusiani moja kwa moja, ndiyo maana sikuliweka mwanzoni. Mwezi Machi mgeni mmoja aliyekuwa akipita alitupiga picha, tukabadilishana namba, na baadaye akaniunganisha na wafadhili wanaosaidia vikundi vidogo vya amani. Wametupa awamu ya kwanza, shilingi laki nane. Masharti yao ni mepesi: tuwe na mwonekano mmoja, na picha zetu zisionyeshe silaha wala sare za jeshi la upande wowote. Nimekwisha kununua fulana ishirini nyeupe na spika moja ya kuchaji.

Kabla hamjanihukumu, naomba mzingatie kwamba sijatia hata shilingi mfukoni. Mabango yetu yalikuwa yanalowa kila masika, na wapita njia hawakuwa wakielewa tunasimamia nini. Ujumbe usiosikika unamsaidia nani?

Kijana wa Mianzini
Fulana ishirini kwa watu tisa. Amani imekuja na akiba.

Wakili Mdogo
Spika hiyo inabadilisha mambo. Taarifa yenu kwa polisi ilisema mtasimama kimya, bila kipaza sauti. Siku mtakayoiwasha mtakuwa mmekiuka maneno yenu wenyewe, kwa hiyo andikeni taarifa mpya kabla ya Jumamosi.

Dada wa Ngarenaro
Kwa hiyo swali lako halikuwa maneno ya kumwambia Koko. Uamuzi ulikwisha kuufanya dukani.

Nikukumbushe akina mama wa Liberia. Mwaka 2003 walivaa nyeupe wakakaa karibu na soko la samaki Monrovia, jua lao, mvua yao, Waislamu kwa Wakristo, hadi Rais Charles Taylor akakubali kuwasikiliza. Wengine wakawafuata wakubwa hadi Accra na kuuzingira ukumbi wa mazungumzo, na mkataba ukasainiwa Agosti mwaka huo huo. Leymah Gbowee, aliyewaongoza, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2011. Huko Jerusalem nako, tangu Januari 1988, kuna wanawake waliokuwa wakisimama kila Ijumaa wamevaa nyeusi, kimya, wakipinga ukaliaji wa maeneo ya Wapalestina. Nyeupe ile na nyeusi ile walizichagua wenyewe. Nyeupe yako wewe imechaguliwa na nani?

Mpita Njia
Naomba kuwa mkorofi. Hii ni chai, tena yenye tangawizi. Nina kibanda cha mitumba si mbali na Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na Jumamosi huwa nafungua hadi usiku. Sijawahi kuona watu tisa wenye mishumaa. Mgeni mpiga picha, mjane, fremu ya kioo, vyote kwenye uzi mmoja? Mleta uzi atuambie huyo marehemu alifia wapi na lini, maana watunzi wengi wa hadithi za Kagera wanajua Kyaka na Kampala tu, katikati wanaruka.

Mwalimu Mstaafu
Naunga mkono. Tarehe na mahali.

Mkazi wa Kaloleni
Alifia Lukaya, huko Uganda, Machi 1979. Koko anasema aliyemletea habari alimweleza kuhusu barabara iliyopita katikati ya majimaji, na giza, na kwamba askari wetu walirudi nyuma kwanza. Zaidi ya hapo sijui. Kona yetu haiko upande wa uwanja, na sitaitaja hapa kwa kuwa Koko anaishi hatua chache kutoka hapo.

Mtoto wa Askari
Huwa nasoma tu bila kuchangia, lakini hapa naomba niseme. Marehemu baba yangu alikuwa Lukaya. Barabara ile imepita juu ya kinamasi, na usiku wa kwanza kikosi cha 201 kilisukumwa nyuma na askari wa Amin pamoja na Walibya, kabla ya wetu kurudi kesho yake wakitokea pande mbili. Baba alikuwa akisimulia hadi mahali pa kurudi nyuma, halafu anaomba maji ya kunywa. Kama mleta uzi anatunga, basi ametunga sehemu ambayo watu hawapendi kuisimulia.

Mpita Njia
Basi kwa hilo nanyamaza. La fulana bado nina mashaka nalo.

Mkazi wa Kaloleni
Wakuu, narudi kuwapa mrejesho. Jana jioni nilikwenda kwa Koko nikiwa nimepanga maneno yangu vizuri. Nilimkuta ameketi kibarazani anaifuta fremu kwa kipande cha khanga, na alipofika kwenye kona ya kioo iliyopasuka alipunguza mkono. Nilimweleza yote, wafadhili, masharti na fulana. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama hao watu waliuliza jina la mume wake. Nikasema hapana.

Akanipa ile fremu. Akasema bega lake la kulia limeanza kumsumbua, kwa hiyo Jumamosi hii nimshikie mimi, kwa kuwa ni mrefu na itaonekana vizuri. Nilishindwa kukataa. Sasa picha iko kwangu, juu ya boksi la fulana, na mgeni ametuma ujumbe kwamba siku hiyo atakuja kupiga picha za ripoti. Dukani wamekataa kuirudisha spika kwa sababu nimekwisha kufungua boksi lake.

Dada wa Ngarenaro
Saa kumi na moja kamili, sivyo? Nitakuja. Mshumaa nitabeba wangu.

Kijana wa Mianzini
Hiyo spika unaiachia kwa shilingi ngapi?