Mtandao pasiwaya wa kompyuta unakwama kila baada ya muda mfupi: kasoro iko wapi?

Mkazi wa Nyakato

Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafundisha hisabati kwa njia ya video nikiwa nyumbani Nyakato, Mwanza. Kwenye kompyuta, kila baada ya dakika moja hivi, sauti hukatika na picha huganda kwa sekunde mbili tatu, kisha hali hurejea. Simu iliyounganishwa na ruta hiyohiyo haina shida, na kipimo cha kasi hutoa majibu mazuri. Je, ninunue ruta nyingine?

Fundi wa Kirumba

Ndugu, fedha yako usiitoe kwanza. Kipimo cha kasi huonyesha wingi wa data inayopita, wala si ucheleweshaji wa ghafla unaokatisha mazungumzo. Fungua dirisha la amri uandike ping -t (amri inayopima muda wa jibu kurudi) ikifuatiwa na anwani ya ruta, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, fungua na dirisha la pili uelekeze 8.8.8.8, yaani seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti, uyaache yote mawili yaendelee wakati wa kipindi. Ruta iliyo chumba kimoja nawe ikijibu kwa milisekunde 2 halafu ikaruka hadi 400, kasoro iko humo humo ndani. Ikiwa ruta imetulia na anwani ya nje peke yake inaruka, mpelekee mtoa huduma orodha ya majibu hayo.

Dada wa Pasiansi

Naongezea suala la msongamano. Katika masafa ya 2.4 GHz, chaneli (vipande vya masafa) 1, 6 na 11 pekee ndizo zisizoingiliana, na huku kwetu nyumba zimebanana hadi ruta za majirani zinasikika sebuleni. Oveni ya maikrowevu nayo hutumia masafa hayo. Ruta yako ikiwa na 5 GHz, hamia huko, ingawa mawimbi yake hudhoofika haraka yakikutana na ukuta wa tofali.

Mkazi wa Nyakato

Ahsanteni sana. Madirisha yote mawili huruka kwa pamoja, tena kwa vipindi vinavyolingana, hata nikikaa kando ya ruta. Nikichomeka waya, tatizo hutoweka.

Fundi wa Kirumba

Kulingana kwa vipindi hivyo kunatuambia mengi, kwa kuwa majirani hawatumii mtandao kwa zamu. Ninashuku kuwa kadi ya Wi-Fi inaiacha chaneli yake kwa muda ili kutafuta mitandao mingine, na wakati huo data yako inasubiri. Windows huweza kufanya hivyo ili kutambua mahali ulipo. Nenda kwenye mipangilio ya faragha uzime huduma ya mahali, kisha uweke draiva mpya ya kadi (programu inayoiendesha) kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta. Wapo watakaokushauri uzime kabisa utafutaji wa mitandao kwa amri ya netsh. Mimi sishauri, kwa sababu kompyuta haitajiunga yenyewe na mtandao mpaka uuwashe tena utafutaji huo.

Mkazi wa Nyakato

Nimezima huduma ya mahali, na kipindi cha leo kimekwenda bila kukatika. Bado namba za ruta hupanda kidogo nyakati za usiku, bila mpangilio wowote, hivyo kesho nitahamia 5 GHz kama dada alivyoelekeza, nipime upya.