Kiwanja Isyesye, Mbeya: masta za ghorofa au vyumba viwili vya familia? Nishaurini

Kijana wa Mafinga
Wakuu habari za majukumu. Nina kiwanja Isyesye hapa Mbeya na hela kidogo imepatikana. Nataka kujenga apatimenti za kisasa za kupangisha, ila akili inagombana. Wazo la kwanza ni ghorofa moja lenye masta nyingi, kila chumba na bafu lake na sehemu ndogo ya kupikia, wakae wanachuo na vijana walioanza kazi. Wazo la pili ni apatimenti nne za vyumba viwili na sebule, za wenye familia. Shemeji anasema masta ndiyo hela ya haraka. Wife anasema familia hazihamihami. Nawasilisha.

Tofali Mbichi
Hela kidogo ndiyo shilingi ngapi? Kiwanja ukubwa gani? Kimepimwa au una karatasi ya mwenyekiti wa mtaa? Unapangisha tu au baadaye utauza moja moja? Unatufanya waganga, umekuja kliniki umesema "naumwa" halafu umekaa kimya.

Kyejo wa Pili
Na wanachuo wa chuo gani mkuu? Kama ni MUST, hao wako Iyunga. Mtoto wa watu atoke Isyesye kila asubuhi apite msongamano wa Mafiati kwa kipi hasa, wakati vyumba vimejaa getini kwa chuo? Huyo shemeji asije akawa dalali.

Kijana wa Mafinga
Samahani wakuu. Ni mita 25 kwa 30, kimepimwa, hati naifuatilia. Bajeti naomba nisiitaje. Shemeji siyo dalali, ni fundi.

Kyejo wa Pili
Nilijua tu 😂

Msanifu Uchwara
Mleta mada unauliza masta au familia kana kwamba ukishamwaga zege maisha yamesimama. Kijana anayepanga masta leo, miaka mitatu mbele ana mke na mtoto. Mama wa watoto watatu leo, miaka kumi na tano mbele watoto wameondoka, amebaki yeye na mzee wake. Jengo linabaki palepale.

Mzigo wote beba kwenye nguzo na mikanda ya zege, kuta za ndani ziwe za kugawa tu, zisibebe kitu. Masta mbili zinazopakana ziachie linta ya mlango kati yao, yaani ule mkanda wa zege wa juu ya mlango, halafu chini yake uzibe kwa ukuta mwembamba wa tofali. Soko la vijana likifa, unabomoa hapo, jiko moja unaligeuza stoo, una nyumba ya familia. Ila mabomba ya maji na ya choo yapange mstari mmoja toka juu hadi chini, jiko na bafu vigusane. Ukiyatawanya ndiyo umejifunga, kila badiliko ni kupasua jamvi la zege.

Jambo la pili, baridi. Mbeya tuko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai jua linapita upande wa kaskazini. Sebule zitazame kaskazini, kule mlima Loleza. Ukizielekeza kusini kwa sababu barabara iko huko, mpangaji atakaa na koti ndani hadi Agosti.

Mama Lusa
Msanifu, ningekusoma miaka ile nisingeteseka. Mniruhusu niseme kwa kirefu.

Tulipanga ghorofa ya pili kwenye jengo moja hapahapa jijini, jina naliacha. Tuliingia wawili na kichanga. Nyumba inang'aa, vigae, madirisha ya alumini, nikajiona nimefika. Akaja mtoto wa pili, wa tatu. Kisha mama mkwe akapigwa na kiharusi huko Kyela, tukamchukua.

Ngazi zilikuwa nyembamba na upande mmoja hazina hata chuma cha kushika. Kila siku ya kliniki mume wangu na mlinzi walimbeba kwenye kiti cha plastiki, nimemfunga kanga kiunoni na kwenye mgongo wa kiti asidondoke. Anafumba macho toka mlangoni hadi chini. Mara moja mguu wa kiti uliteleza kwenye kona, na yule mama ambaye ulimi ulishakuwa mzito alitamka vizuri kabisa, "Nirudisheni Kyela." Tulipopata kiti cha magurudumu, mlango wa bafu ulikuwa futi mbili, hakiingii. Tukawa tunamwogeshea sebuleni kwenye beseni.

Mwenye nyumba nilimwomba anibadilishie na mpangaji wa chini, nilipe mimi gharama. Chini kulikuwa na fremu za maduka, tena mbili zimefungwa mwaka mzima hazina mtu. Akasema ramani ni ramani.

Chumba cha bibi kilikuwa hakipati jua. Julai nikawa naingiza jiko la mkaa kumpasha moto. Siku moja tuliamka wote vichwa vinatupasuka, mtoto anatapika. Baadaye nesi ndiyo akanieleza moshi wa mkaa usioonekana unavyoua watu waliolala. Leo tuko Sinde kwenye nyumba ya zamani ya bati, ina uwanja, bibi anaota jua mlangoni.

Kwa hiyo Kijana wa Mafinga, chini usiweke fremu. Weka angalau nyumba moja ya mtu asiyeweza ngazi, milango yote sentimita 90.

Tofali Mbichi
Pole sana mama. Ila fremu ndiyo zinalipa, tusidanganyane. Duka la chini linakulipia mlinzi na maji ya jengo zima.

Ndizi Mzuzu
Zinalipa Mwanjelwa. Isyesye ndani ndani atamuuzia nani, panya?

Kapunga Mpya
Hapo kwenye mkaa, apatimenti ya kisasa mpige marufuku, wote gesi.

Ndizi Mzuzu
Maharage ya kuchemsha saa tatu utanijazia mtungi wewe? Jenga kibanda cha jiko nje chenye paa, watu wapikie huko. Na kamba za kuanikia ziwe chini ya bati, kuanzia Novemba mpaka Aprili mvua haina adabu.

Mzee wa Iyunga
Vijana, mmesahau ardhi inatikisika. Tupo kwenye bonde la ufa. Lile tetemeko la Rukwa la 1910 lilifika ukubwa wa 7.4, na Desemba 2009 Karonga kule Malawi ilipotikiswa hata huku tuliamka usiku. Mwanangu, usimruhusu shemeji apunguze nondo. Na hayo ya kutoboa kuta, mhandisi asaini kwanza.

Msanifu Uchwara
Shikamoo mzee, sahihi kabisa. Ndiyo maana nikasema nguzo.

Kyejo wa Pili
Kila nyumba na LUKU yake! Mita moja wapangaji wanane ni vita, huyu ana hita, yule anasema yeye ana taa mbili tu. Ingawa na hapo, tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humohumo kwenye LUKU. Mpangaji anamlipia mwenye nyumba, akidai apunguziwe pango anaambiwa "tutaongea". Tunaongea mpaka leo.

Tofali Mbichi
Swali langu la kuuza halijajibiwa. Kuna sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake, wamiliki wanaunda umoja wa kusimamia ngazi, uwanja na paa. Ukitaka njia hiyo, hati ya kiwanja itangulie.

Kijana wa Mafinga
Ndaga fijo wakuu, Mzee wa Iyunga shikamoo. Mama Lusa, wife amesoma ya bibi akakaa kimya muda mrefu. Mama yangu naye yuko Mafinga peke yake, nilikuwa sijamwingiza kwenye hesabu. Kuuza bado sijaamua. Shemeji anasema linta za akiba ni kupoteza saruji. Swali la mwisho, wapangaji wakitaka kufuga kuku uwanjani niruhusu?

Kapunga Mpya
Kuku kwenye apatimenti ya kisasa? Hapana.

Mama Lusa
Kuku watano wana ubaya gani? Bibi ndiyo kazi yake, anawamwagia pumba kwa mkono ule unaofanya kazi.

Ndizi Mzuzu
Jogoo ndiyo tatizo, saa kumi alfajiri. Ruhusu mitetea tu.

Kyejo wa Pili
Bila jogoo vifaranga utapata wapi? 😂 Wakuu, tripu ya mchanga Itezi sasa hivi bei gani?