Ukaguzi wa antibayotiki wodini: data za mfumo, mafaili au rekodi za famasia?

Kidonge_Kimoja
Habari za kazi wakuu. Kamati ya dawa na tiba hapa kwetu (hospitali siitaji) imenitupia mzigo wa kukagua antibayotiki kwa kina mama wanaojifungua kwa oparesheni, yaani je wanapata dozi moja kabla ya kisu kama WHO wanavyoelekeza tangu 2016, ndani ya dakika 120 na isiendelee baada ya hapo, au tunaendelea kuwachoma seftriaksoni mpaka siku wanaruhusiwa. Nina njia tatu: nivute data kwenye mfumo maana madokta siku hizi wanaandika dawa kwenye kompyuta, nichambue mafaili, au nichukue rekodi za famasia. Mfumo unanivutia, asubuhi moja napata miezi sita yote, wakati faili pale masjala kulipata ni vita. Mliowahi kufanya mnasemaje?

MzeeWaEksel
Mfumo, hakuna cha kujadili. Vile vipimo vya WHO vya 1993, asilimia ya wagonjwa walioandikiwa antibayotiki, waliopewa sindano na kadhalika, vilikuwa vya sampuli ya rekodi chache kila kituo kwa sababu watu walihesabu kwa mkono. Wewe unachukua wote. Halafu panga dawa kwa makundi ya AWaRe, yaani vile WHO wanavyogawa antibayotiki, amoksilini iko Access (za kuanza nazo), seftriaksoni iko Watch (za kutumia kwa uangalifu, usugu uko juu), unapata picha mara moja, na nchi za Umoja wa Mataifa zilikubaliana 2024 kwamba Access ifike 70% ya matumizi duniani ifikapo 2030 kwa hiyo una kitu cha kujilinganisha nacho. Ila safisha majina kwanza, sindano ile ile utaikuta imeandikwa namna nne.

nesi_zamu_ya_usiku
Jamani taratibu. Kilichoandikwa sio kilichoingia mwilini. Dokta kaandika mara mbili kwa siku, stoo hakuna, ndugu katumwa duka la nje karudi saa nne usiku, tumechoma tumetiki kwenye chati ya karatasi pale kitandani, mfumo utajulia wapi?
Na hilo swali lako la kabla ya kisu ndio baya zaidi. Mama wa dharura anakimbizwa thieta, mtu wa usingizi anachoma dawa ya kwenye trei, oparesheni inaisha, ndipo dokta anakaa kwenye kompyuta kuandika ili famasia warudishiwe dawa yao na bima ilipe. Saa ya mfumo ni ile ya kuandika. Utaleta ripoti kwamba wote wamechomwa baada ya kisu, na thieta watakucheka mbele ya mganga mfawidhi.

Bongo_Birmingham
Nesi kasema kweli. Huku Uingereza kinachosaidia ni kwamba mfumo una nusu ya pili, dozi inaandikwa ilipotolewa, na isipotolewa sababu inawekwa. Hospitali za chuo kikuu hapa Birmingham zina wa kwao unaitwa PICS, waliutumia kufuatilia dozi zilizorukwa. Kama wenu unaishia kwenye kuandika dawa tu, kagua kuandika tu, usikague kuchoma.

mfamasia_pwani
Rekodi za famasia usizidharau ila jua zinajibu nini. Ukitaka kujua matumizi yanapanda au yanashuka ziko poa, unageuza kuwa DDD, yaani dozi ya wastani ya mtu mzima kwa siku, seftriaksoni ni gramu 2 kwa hiyo vichupa viwili vya gramu moja ni DDD moja. Lakini sisi tunatoa boksi zima linaenda wodini. Nani kachomwa, kwa nini, siku ngapi, hapo hatujui kitu.

Dr_Kalamu_Mbovu
Mimi niwaambie upande wetu. Mfumo haukuruhusu kuandika dawa mpaka uweke ugonjwa, foleni iko nje, mtu anachagua wa kwanza kwenye orodha anasonga mbele. Kwa hiyo safu ya ugonjwa iangalie kwa jicho moja. Mama aliyeongezewa dawa siku tano huenda chupa ilipasuka siku mbili kabla na ana homa, sababu hiyo iko kwenye maelezo ya faili, na mwongozo unamruhusu huyo, sio kosa.

mfamasia_pwani
Kuna ya nne pia, ule utafiti wa siku moja wa WHO, unapita wodini unahesabu waliolazwa kabla ya saa 2 asubuhi na kila dawa unauliza sababu palepale. Mzuri sana, ila wadi ya wazazi siku hiyo unaweza kukuta waliopasuliwa ni sita tu, ukaguzi wa nani huo.

Kidonge_Kimoja
Basi nimeelewa. Mfumo unipe orodha ya wote waliopasuliwa na waliozidisha siku moja ya antibayotiki, hapo nachagua mafaili kwa bahati nasibu, sababu na saa ya dozi nazitoa huko. Kibali je?

MzeeWaEksel
Nakubali yaishe 😂 Ukaguzi wa ndani ruhusa ya mganga mfawidhi kwa maandishi inatosha, majina toa weka namba. Ukitaka kuchapisha jarida hapo ni kamati ya maadili, anza mapema.

nesi_zamu_ya_usiku
Saa ya dozi tafuta kwenye fomu ya usingizi, mara nyingi imebanwa nyuma kabisa baada ya majibu ya maabara. Na masjala nenda mchana, asubuhi watakufukuza.