MJADALA: Taarab asilia ya ukumbi mdogo, kutunza kukatazwe?

Mleta mada (Unguja)

Wadau, assalaam alaykum. Kila msimu wa maonyesho madogo ya taarab asilia ukikaribia hapa Mji Mkongwe, ubishi unazuka upya. Naizungumzia ile taarab ya watu watano sita: kanuni (ala bapa ya nyuzi nyingi), udi (ala ya nyuzi kama gitaa), fidla, dumbak (ngoma ndogo ya mkono), rika (tari yenye vibati) na mwimbaji, ndani ya chumba cha viti hamsini hivi. Siku hizi wapo waandaaji wanaotaka watu wakae kitako, simu zizimwe, wala asiinuke mtu kwenda kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa anapoimba, mpaka wimbo umalizike. Wapo pia wanaotaka spika kubwa, ati bila hizo vijana hawaji.

Msimamo wangu: spika zitoke, kutunza kubaki.

Nianze na spika. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, na mpigaji anazidonoa kwa vidole vya shahada vilivyovalishwa pete. Kabla ya onyesho utamkuta kaiinamia, ufunguo mkononi, anakaza uzi mmoja baada ya mwingine, maana unyevu wa pwani hauziachi zitulie. Zimefungwa tatu tatu kwa sauti moja. Ukilegea mmoja tu, sikio linaudaka. Sasa kazi yote hiyo uimwagie kinanda cha umeme na spika za harusini? Kinachoumia kwanza ni bashrafu, kile kipande cha ala tupu cha kufungulia, kwa kuwa haina mwimbaji wa kuisitiri.

Na wale wanaosema taarab bila okestra haijatimia, wamkumbuke Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa zamani wa hapa Unguja. Alipokwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, alifuatana na wapigaji wachache wa kuhesabika. Okestra za fidla nyingi, akodioni, selo na besi zilistawi baadaye, masikio ya watu yalipokwisha kuzoea muziki wa filamu za Misri. Nazipenda, lakini si hizo peke yake zilizoitwa taarab.

Kutunza je? Mwanamke anainuka kitini, noti kaibana baina ya vidole, anakwenda taratibu na mdundo, anafika mbele pale pale penye fumbo. Huyo hakutoa pesa tu. Kasema, "Maneno hayo ni yangu," na aliyekusudiwa yuko safu ya tatu anajipepea. Ukimwambia asubiri wimbo uishe, atakuwa anamtunza nani na kwa lipi? Karibuni.

Mchangiaji wa Ng'ambo (mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe)

Kaka, muziki mdogo unautafutia Mji Mkongwe wakati sisi tunao uwani? Kidumbak hicho: fidla moja, dumbak mbili ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonga, na sanduku lenye fimbo na uzi mmoja linalofanya kazi ya besi. Hakuna umeme, na hakuna anayekaa. Wanawake wanacheza mpaka alfajiri. Ninyi mkishaita "asilia" mnaleta viti. Nani kawaambia msikilizaji mzuri ni aliyekaa kimya?

Mchangiaji, mpiga fidla

Naomba na sisi wa nyuma tusikike. Mwimbaji akianza kutunzwa, ubeti unarudiwa mara mbili, tatu, nne, kwa kadiri foleni ilivyo. Mkono unakufa. Watu wanasimama mbele yetu, simuoni mwenzangu wa kanuni, na bila kumwona sijui anakatia wapi. Kwenye ukumbi mkubwa kuna nafasi. Kwenye chumba cha viti hamsini mtu anayekwenda kutunza ananipita begani, na kuna siku alinigonga upinde ukaruka. Halafu noti zote ni za mwimbaji. Mie naunga mkono wapige makofi mwisho, basi.

Mchangiaji wa Mombasa

Nyinyi watu wa Unguja mna raha ya kubishania viti. Huku kwetu taarab ya kina Juma Bhalo, aliyefariki 2014, ilipigwa na watu wachache kwa mahadhi ya Kihindi, na haikuhitaji ukumbi wa kitalii. Ilikuwa harusini, watu wamejaa. Tuzo zilitoka, na muziki haukuharibika. Mpiga fidla nakuhurumia kwa upinde, lakini hilo ni suala la kupanga viti, si la mila.

Mchangiaji mwingine

Mbona hakuna anayegusa kiingilio? Ukikipanga kwa mfuko wa mtalii, hao wanawake wa kutunza mnaowasifu hawatakuwamo chumbani hata mkiwaruhusu kusimama juu ya meza. Tamasha la muziki la Sauti za Busara la hapo Unguja lina bei nafuu kwa wenyeji, na watu wanakwenda. Hawa wa maonyesho madogo wanashindwa nini? Mtalii anaona chumba kimetulia, anadhani ndiyo heshima ya muziki wetu. Kumbe wenyewe wako nje barazani wanasikilizia dirishani.

Mleta mada

Hili la kiingilio nalichukua mzima mzima, tena liwe la kwanza kabla ya yote niliyoyasema. Bila watu wanaoelewa fumbo, ruhusa ya kutunza haina wa kuitumia.

Ndugu yangu wa Ng'ambo, kidumbak kiwekwe ndani ya msimu huo huo, usiku wake peke yake, na viti siku hiyo vitolewe. Wala sisemi kiwe cha kufungulia tu, kama ilivyo ada ya kukidharau.

Mpiga fidla, wewe ndiye umenibana. Nashauri hivi: viti vigawanywe pande mbili, njia ya katikati iende moja kwa moja kwa mwimbaji, na wapigaji wakae upande wake mmoja, si nyuma yake. Ubeti urudiwe mara mbili, usizidi. Noti zisibaki mkononi mwa mwimbaji: ziingie kapu moja mbele ya macho ya wote, na mwisho wa usiku zigawanywe sawa, mpiga dumbak naye apate.

Mchangiaji, mpiga fidla

Njia ya katikati sawa. Mara mbili sawa. Hilo kapu nalo silikatai, ila mwimbaji wetu umeshamuuliza? Maana mie nikimpelekea habari hiyo, msimu huu nitapiga peke yangu.