Uliyewahi kupata (au kunyimwa) ruzuku ya ubunifu wa nishati safi, tupeane uzoefu

Mzee wa Mwalo (Mwanza)
Wakuu, nafungua mimi. Kazi yetu ni taa za LED za kuvulia dagaa Ziwa Victoria, badala ya karabai za mafuta ya taa. Betri tunachaji mwaloni kwa sola. Mvuvi anakodi jioni, anarudisha asubuhi. Tulikuwa watu watatu na taa 12. Tuliandika maandiko manne ya kuomba ruzuku, la nne likapita.

Sasa kosa langu. Bajeti ilikuwa jedwali la Excel linalozidisha kila kitu kwa siku 30, nami nikajaza tu. Lengo likasomeka kila taa ikodishwe usiku 30 kwa mwezi. Mvuvi yeyote angenicheka: mbalamwezi ikiwaka taa haivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni. Robo ya kwanza tukafikisha wastani wa usiku 19 kwa mwezi. Kwa mfadhili hilo ni lengo halijafikiwa, na malipo ya awamu yanasubiri maelezo. Nikaandika barua ya kurasa mbili kuhusu mwezi! Walielewa, ila baada ya wiki tisa.

Hizo wiki tisa ndizo zilizonifanya nifungue uzi huu. Watu hudhani ruzuku inaingia benki ndipo unaanza kununua. Yetu ilikuwa ya kurudishiwa: unatumia, unaleta risiti, wanakagua, wanalipa. Mishahara ya vijana ilitoka kwenye mkopo wa SACCOS wa mke wangu. Na risiti lazima ziwe za EFD (mashine ya kielektroniki ya kodi), wakati fundi aliyetuchomelea fremu hana hata kitabu cha risiti za mkono.

Nani mwingine?

Mtoto wa Siaya
Sisi tulikuwa na mashine ya sola ya kutotolesha vifaranga. Mifuko ya Uingereza kama Energy Catalyst ilitaka kampuni iliyosajiliwa kule iwemo kwenye ushirika. Tukapata mshirika, watu wazuri tu. Shida ikawa mkataba: mchoro wa kidhibiti joto utakuwa mali ya nani? Uliuchora kijana wetu wa poly. Tukavutana miezi minne, dirisha la maombi likafungwa. Siku hizi hilo naliuliza kabla salamu hazijaisha.

MamaKifuu (Morogoro)
Mimi nilikuwa mkusanya takwimu kwenye majaribio madogo ya jiko la presha la umeme. Kazi za aina hii zilishika kasi baada ya 2019, mpango wa MECS, wa kupika kwa nishati ya kisasa, ulipoanza Chuo Kikuu cha Loughborough kwa fedha za serikali ya Uingereza. Kaya inapima mkaa kwa mizani asubuhi na jioni, na kuandika kila ilichopika.

Daftari la dada mmoja lilikuwa safi mno: maharage kwa umeme, wali kwa umeme, mpaka chai. Nikapita jioni bila taarifa, nikakuta sufuria ya ugali juu ya jiko la mkaa uani. Akacheka. "Dada, mle nitasonga vipi? Sufuria yake inazunguka na mwiko." Nikajaribu mwenyewe, kweli inazunguka. Tukaliandika kwenye ripoti kama lilivyo, na ndilo lililotupatia ruzuku ya pili: kishikizo cha chuma cha kubana sufuria wakati wa kusonga. Andiko zima kurasa sita.

Bwana Risiti
Jihadharini na "washauri" wanaoandika maandiko kwa asilimia kumi, nusu mbele. Nilitoa laki nane. Kwenye usaili wa video nikaulizwa kwa nini nimechagua betri za lithiamu. Betri zangu ni za asidi, na andiko langu ndipo nikalisoma kwa makini siku hiyo.

Mzee wa Mwalo
Pole sana @Bwana Risiti. @MamaKifuu, hicho kishikizo kinauzwa wapi? Nyumbani wameniuliza.

Kwa walionifuata PM kuhusu EEP Africa, ule mfuko wa nishati safi unaosimamiwa na Nordic Development Fund ya Helsinki: mialiko niliyoisoma ilianzia yuro 200,000, na unatakiwa kuweka fedha yako pia. Kwa watu watatu na taa 12 ni mlima.

Ruzuku yetu ya sasa ni ndogo, kwa mfadhili mwingine. Kabla ya kusaini niliomba asilimia 20 itangulie. Wakakubali kwa barua pepe ya mistari miwili. Kumbe miaka yote ilikuwa inaombwa tu. Na lengo safari hii nimeandika usiku 18.