Mrejesho: laptopu iliyokuwa nzito nikichomoa chaja

Hamjambo ndugu zangu. Niliwauliza kwa nini laptopu yangu inakimbia vizuri ikiwa kwenye chaja, lakini nikiichomoa inakuwa nzito, hata kufungua faili moja la Excel ni kungoja. Huku kwetu Kondele, Kisumu, stima hupotea bila taarifa, kwa hiyo kazi ilikuwa inakwama kweli. Sasa imepona. Aliyeniambia nitazame kwanza kasi ya prosesa (ubongo wa kompyuta), Mungu ambariki.

Nilifungua Task Manager, ile programu ya Windows inayoonyesha kompyuta inavyofanya kazi, nikachomoa chaja huku natazama. Kasi ilikuwa juu ya GHz 2; ikaanguka papo hapo hadi 0.4 na kubaki hapo. Nikazima kiokoa betri, nikaweka kiwango cha juu cha prosesa asilimia 100. Wapi!

Ndipo nikaandika powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri. Ripoti ilisema betri iliundwa kubeba mWh 41,000 (kipimo cha nishati), lakini sasa ikijaa inabeba 13,000 tu. Betri iliyochoka hivyo haimudu prosesa inapotaka nguvu nyingi kwa ghafla, kwa hiyo mashine inajibana isije ikazima.

Fundi alipoifungua, betri ilikuwa imeanza kufura na kuisukuma juu ile sehemu ya kupitisha kidole. Jamani, ukiona hapo panainuka, acha kuichaji, ipeleke kwa fundi mara moja, maana betri ya lithiamu iliyofura inaweza kushika moto. Nimewekewa mpya, na stima ikipotea kasi haishuki tena.